Moto Baridi na Vikombe vya Ijumaa

Kabla hujaniuliza cheti, nipe kikombe cha plastiki na maji kidogo. Nitadondosha tone moja ubavuni mwa kikombe. Likijikunyata likawa duara kama jicho la samaki, nitakwambia wino wako hautashika hata ukiusomea dua. Likilala na kutandaa, tunaweza kuanza kuzungumza kazi. Hicho ndicho cheti changu. Shule niliiachia darasa la tatu na hatujatafutana tena.

Naitwa Kadzo. Nimechapa juu ya plastiki miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu: ndoo, mitungi ya maji, chupa za asali, na mwisho vikombe vya kupimia dawa, ambavyo ndivyo hasa nataka kuwaeleza. Sasa nimestaafu, niko kwetu Dabaso, nafuga kuku wasionisikiliza. Vijana wawili wanaoanza kazi hii walikuja wakaniuliza nilijifunzaje. Nikawaeleza mpaka chai ikapoa. Wiki iliyofuata wakaja wengine watatu na swali lile lile. Nikaona heri niandike mara moja. Aliyenipigia chapa amerekebisha herufi. Maneno ni yangu, asiyapendaye aje Dabaso.

Jambo la kwanza: plastiki haitaki kitu. Mti unakunywa rangi, kitambaa kinakunywa wino, hata ukuta wa chokaa unakunywa. Plastiki haina kiu. Unaipaka wino, wino unakaa juu yake kama mgeni aliyekaa pembeni mwa kiti, ukipita ukucha anaondoka. Kwa hiyo kazi yetu, ukiondoa mbwembwe zote, ni kuiamsha ile ngozi ya juu ya plastiki ili ikubali kushikwa. Hiyo tu.

Zamani tuliiamsha kwa moto. Aliyenifundisha ni Mzee Athumani, mtu wa Shella, Malindi, mwenye kofia ya vito na maneno yaliyonyooka kama kanzu yake. Yeye ndiye aliyekuwa fundi kwenye duka la Bi Zuhura. Mbele Bi Zuhura aliuza vyombo vya plastiki, nyuma kulikuwa na chumba cha kuchapia. Mimi niliingia pale kuosha ndoo. Nilikuwa naosha huku nimegeuza shingo nikimwangalia Athumani akipitisha tochi ya gesi juu ya mitungi, mpaka siku moja akaniambia, "Wewe Kadzo, shingo itabaki hivyo hivyo. Njoo ushike."

Akanifundisha kwamba ulimi wa moto uwe wa bluu. Wa manjano unapaka masizi. Ncha ya moto iguse plastiki kidogo tu na mkono upite bila kusita. Yeye alipima kwa Bismillahi. Akifika mwisho mkono umeshapita. Mimi si Mwislamu, nikamwuliza nitapima kwa nini.

Akafikiri. "Taja jina lako, la babako na la babuyo, mbio mbio. Ukimaliza babu, uwe umeshaondoka."

Nilipima hivyo miaka yote. Siku moja tu nilinogewa. Alipita dirishani mtu fulani ambaye sitamtaja kwa kuwa watoto wake watasoma hapa, nikarudia jina la baba mara mbili. Mtungi ukasinyaa ukawa kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nikangoja kutukanwa. Mzee Athumani aliuinua, akauzungusha, akaniuliza, "Mwenyewe tumwambie ni wa kuwekea nini?" Akauacha mezani mwezi mzima. Kila mteja akiuliza ni kitu gani kile, alinielekezea mimi nijibu.

Basi, alipokuja nesi Mumbua ndipo moto ulipotushinda.

Mumbua ni Mkamba, kaja pwani kwa kazi akabaki. Alikuwa anazunguka zahanati za vijiji vya bara, na Kiswahili chake kilimfanya Mzee Athumani afumbe macho kama anayeumwa na jino. Aliingia dukani akamwaga mfuko wa vikombe juu ya meza. Vikombe vidogo vyepesi, vya kupimia dawa ya maji ya watoto. Mistari ya kipimo ilikuwa ya kubandika, na yote ilikuwa imebanduka.

"Hizi vikombe zinaoshwa mara mbili, laini zinatoka," akasema. "Mama mmoja alikisia. Mtoto akalala asubuhi mpaka jioni. Aliamka, yuko sawa. Lakini mimi sitaki kungojea wa pili."

"Wataka mistari ya wino," akasema Athumani.

"Nataka laini haitoki. Hata wakisugua na jivu."

Nikachukua kimoja, nikapitisha moto. Sikufika hata kwa baba. Kikombe kilikunjamana kama jani. Nikajaribu mbali zaidi, mbio zaidi. Kikabaki kizima lakini kimeingia ndani upande mmoja. Na kikombe cha kipimo kikiingia ndani, hata mstari ukishika, kipimo ni uongo.

Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mlangoni. Mwanamke wa makamo ya juu, buibui safi, sauti ndogo ambayo haikuwahi kuhitaji kupanda. Wateja wa mitungi walikuwa wamepungua siku zile, kila mtu anabandika karatasi yake iliyochapwa Mombasa. Nesi alipotoka akatuambia, "Mkiipata kazi hii, chumba cha nyuma kinabaki. Ikienda Mombasa, nafunga kuchapa, natia magodoro."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepanga chakula cha jioni. Mimi nililala na yale magodoro kichwani wiki nzima.

Lakini Bi Zuhura hakuwa mtu wa kutisha tu akakaa. Alipiga simu kwa jamaa zake, akasikia kuna karakana Mombasa inafungwa, akanunua mashine yao. Ikaja kwenye gari la magodoro, nikaona hiyo ni dalili mbaya. Sanduku la chuma lenye transfoma ndani, waya mnene, mpira wa kupitishia gesi, na mwishoni kitu kama kalamu yenye mdomo wa kioo. Gesi yake ni agoni, ile ile wanayotumia wanaochomelea alumini. Na kitabu cha maelezo, kizito, kimeandikwa Kichina kuanzia jalada hadi jalada.

Mzee Athumani alisoma Kiswahili na Kiarabu vizuri sana. Akakifungua kile kitabu, akakigeuza juu chini, akanipa. "Leo tumekuwa darasa moja," akasema.

Tulifunga pazia, tukafungua gesi, tukawasha. Pale mdomoni ukatoka ulimi mwembamba wa zambarau, urefu wa kidole cha mwisho, unavuma kidogo kama mbu aliye mbali. Mzee Athumani akanyoosha mkono kama kawaida yake kupima joto, akausogeza, akausogeza, mpaka kidole kikaingia ndani ya ulimi wenyewe. Akakiacha pale.

"Si moto huu," akasema.

"Ni nini?"

"Upepo wenye sisimizi."

Msinifuate kwa hilo. Yetu ilikuwa ndogo na pole, ziko nyingine zinapiga. Lakini ndivyo tulivyoiita tangu siku ile: moto baridi. Wasomi wanaiita plazma. Umeme unaingia kwenye gesi, unaivunjavunja, na vile vipande vyenye ukali vinatoka vikaigonga ngozi ya plastiki na kuiamsha, bila joto la kuikunja. Mhandisi atakueleza kwa maneno yake. Mimi nakueleza nilichokiona kwa macho, na nilikiona kwa kukodoa miezi, si kwa mchana mmoja.

Nilichokiona ni hiki. Ulimi ule ukiwa hewani, umenyooka. Ukiuelekeza kwenye bati, unakazana, unang'aa, unakuwa uzi mmoja ulionyooka hadi kwenye chuma, kwa sababu umeme umepata pa kwenda. Ukiuelekeza kwenye plastiki, umeme hauna pa kwenda. Plastiki haipitishi. Basi ulimi ukifika unatambaa pande zote juu ya plastiki, kama unapomimina uji wa vibibi kikaangoni. Lile duara la zambarau linalotambaa ndilo linalofanya kazi. Ukipitisha polepole, duara kwa duara, ngozi yote inaamka.

Sasa sikiliza ujinga wangu.

Vikombe tulikuwa tunavivisha kwenye kipande cha chuma ili visiyumbe tukichapa. Nikaona nitumie chuma hicho hicho kwenye moto baridi. Nikawasha, ulimi ukafika kwenye kikombe ukang'aa vizuri ajabu. Mwembamba, mkali, mweupe katikati. Nikajisifu. Nikamwambia Mzee Athumani, "Umeona? Nguvu imeongezeka." Nikapitisha vikombe vya siku nzima, nikaimba.

Yeye akachukua kimoja, akanyunyiza maji. Kwenye mstari mmoja mwembamba maji yalilala. Kulia na kushoto yalijikunyata duara duara. Kikombe kimoja, tabia mbili.

"Hukukiamsha," akasema. "Umekichanja."

Kumbe plastiki ya kikombe ni nyembamba mno, na ule umeme ulikuwa unakihisi chuma kilicho nyuma yake. Haupiti, lakini unavutwa. Kwa hiyo badala ya kutambaa unajikusanya mahali pamoja. Mwanga mkali, kazi kidogo. Nikaenda kwa seremala akanichongea vigingi vya mti wa mvinje vinavyoingia ndani ya kikombe, nikavivisha vikombe juu yake. Ulimi ukafifia, ukawa kama hauna haja na mtu, lakini ukalala ukatanda. Maji yakalala kote. Mwanzoni sikuupenda mwanga ule hafifu, nilihisi tunapunjwa. Nilizoea baadaye. Masika ilipoingia na vigingi vikanywa unyevu, ukaanza tena kujikusanya kidogo, nikajua mti mbichi nao una tabia za chuma. Nikawa navianika juani kila mchana kama dagaa, na majirani wakauliza kama Bi Zuhura sasa anauza miiko.

Jambo jingine la kuandika pembeni: dirisha. Moto baridi una harufu, ile ya baada ya radi kupiga karibu. Si harufu ya kukaa nayo chumba kimefungwa, itakukereketa koo. Lakini ukifungua dirisha la baharini upepo unaivuruga gesi na ulimi unakatika kama mtu aliyekatizwa maneno. Tulijifunza kufungua la nyuma yetu na kuziba la mbele. Panga chumba kwanza, mashine baadaye.

Na la tatu, ambalo ndilo lililotaka kunitoa kazini: plastiki haisahau. Chuma ukikipa umeme kinauachilia saa ile ile. Plastiki inaukalia. Kikombe kikitoka kwenye moto baridi kinarukia mkono wa nguo, kinasimamisha vinyweleo, na ukirudisha ulimi haraka pale pale ulipopita, utauona unainama pembeni kama anayemkwepa mdai. Nililijua hilo. Nililiona ni mchezo. Nilikuwa nawaonyesha wageni, naweka kikombe karibu na nywele zao wanacheka. Sikujiuliza kikombe kinachoita nywele kinaita nini kingine.

Tulichapa, tukapakia, Mumbua akachukua maboksi ya kwanza, akasema asante, akarudi kwa mengine. Magodoro yakanitoka kichwani.

Halafu siku moja, Alhamisi, akaja na boksi moja chini ya kwapa, akaliweka mezani taratibu. Nikajua, mtu mwenye habari njema haweki vitu taratibu.

"Dada Kadzo," akaniambia, "ingine iko sawa kabisa. Ingine ukiosha mara tatu, hakuna laini. Nimewaambia wamama wasitumie mpaka nirudi. Sasa mimi nitafanya nini? Nitawaambia wachague kwa bahati?"

Akalisukuma boksi upande wangu.

"Jumatatu nakuja na sabuni na waya ya kusugua sufuria. Nitachukua yoyote kwa boksi yoyote. Ikitoka, naenda Mombasa. Mniwie radhi."

Alipotoka tukalichambua boksi lake pamoja na yaliyokuwa bado ghalani. Mimi kuandika tarehe kunanichosha, kwa hiyo kila boksi nililichora alama ya siku: kitone kimoja Jumamosi, viwili Jumapili, hivyo hivyo, na Ijumaa nilichora mwezi mwandamo kwa heshima ya wenye duka. Tukapanga. Vikombe vya vitone vyote vilikuwa salama. Vilivyotoka mistari vilikuwa vya boksi alilorudisha nesi, nalo lilikuwa la mwezi. Tukafungua maboksi mengine ya mwezi yaliyobaki ghalani, nikabandika selotepu juu ya mstari, nikavuta. Mstari ukaja wote.

Bi Zuhura akauliza, "Ijumaa nani huwa chumbani?"

Swali la kuuliza tu. Alijua. Ijumaa Mzee Athumani alikuwa haji mpaka baada ya sala. Ijumaa nilikuwa peke yangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Basi, Kadzo," akasema. Akaingia ndani.

Mzee Athumani alibaki akiupangusa upande mmoja wa meza uliokuwa safi. Mwishowe akasema, "Nitakuja Ijumaa asubuhi, kabla sijaoga. Nikusimamie."

Aliyasema kwa wema. Ningependa angenitukana. Miaka yote ile, halafu nisimamiwe kama siku ya kwanza.

"Usije," nikamwambia. "Nikiharibu, niharibu mwenyewe."

"Una kichwa kigumu weye."

"Ndicho kilichonileta hapa."

Kesho yake, Ijumaa, nilifika kabla duka halijafunguliwa vizuri. Nikafunga pazia, nikanawa mikono mpaka viwiko kwa sababu mafuta ya nazi ya nywele ni adui mwingine, nikavivisha vikombe kwenye vigingi vikavu. Nikapitisha moto baridi taratibu, sinia zima. Nikachukua kikombe kimoja, nikadondosha maji. Yakalala kama mkeka. Nikachukua kingine. Yakalala. Nikakaa nikavitazama vile vikombe kwa hasira, kwa sababu havikuwa na kosa lolote.

Hapo akaingia Bi Zuhura na chetezo.

Mliokulia miji ya pwani mnajua. Kila asubuhi duka lilifukizwa ubani kidogo pale mbele. Ijumaa ilikuwa siku kubwa: ubani na udi, chumba kwa chumba, kona kwa kona, ghalani, jikoni, na kwetu nyuma. Nilikuwa nimeizoea harufu ile hata siisikii. Tena kwa maneno ya nesi ya jana yake, Bi Zuhura alikuwa amezidisha. Alisimama chumbani mwangu kuliko kwingine kote, akanong'ona maneno yake, akakizungusha chetezo juu ya meza, akaniambia, "Chumba hiki kimeingiliwa na jicho, Kadzo." Akatoka.

Pazia halikuziba vizuri. Jua lilipenya kwenye ufa, mstari mmoja tu, likapita juu ya sinia. Ndani ya mstari ule moshi ulikuwa unakwenda zake, polepole, kuelekea dirisha la nyuma. Ulipofika juu ya vikombe ukainama. Sisemi ulitulia, ulishuka. Ulivifuata vikombe kama paka anavyofuata anayekuna nazi.

Nikasogeza sinia kidogo. Moshi ukapinda upande ule.

Kisha nikapitisha kidole kwenye kikombe kimoja, nikakinusa kidole.

Maji hayakusema uongo, jamani. Niliyauliza mapema mno. Niliyauliza kikombe kikiwa kimeamka, tena safi, kisha nikakiacha pale kimeshika umeme wake, kinaita kila kinachopita hewani. Na Ijumaa kinachopita hewani ni ubani. Halafu ndipo nikachapa. Wino wangu ulishika vizuri kabisa. Ulishika moshi.

Lakini kuona ni kimoja na kusema ni kingine. Nimwambie mwenye duka, mtu mzima, mwanamke wa dini yake, kwamba baraka zake ndizo zinazobandua mistari? Mimi, Mgiriama wa darasa la tatu, ambaye Ijumaa yuko peke yake? Angesema natafuta pa kutupia kosa, na ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Nikaona mdomo usitangulie. Nikaingia dukani nikachukua ndoo mpya yenye mfuniko. Nikapitisha moto baridi sinia lingine. Nusu nikaitia ndooni saa ile ile nikafunika, nusu nikaiacha nje pale pale moshi ulipokuwa bado unazunguka. Baada ya muda nikazichapa zote, wino mmoja, mkono mmoja. Nikaziacha zikauke mpaka kesho.

Jumamosi asubuhi Mzee Athumani akaja. Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia mkononi.

"Ijumaa ni siku ya heri," akasema. "Haiwezi kuharibu kazi."

"Siku haina kosa. Twende kwa Bi Zuhura."

"Twende? Nani na nani?"

"Mimi nitasema. Wewe simama tu, uonekane mzee."

Bi Zuhura alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia. Nikaweka vikombe viwili mapajani pake na selotepu. "Bandika mwenyewe," nikamwambia. "Uvute."

Akabandika kwenye cha kwanza, cha ndooni. Akavuta. Selotepu ikaja tupu. Akabandika kwenye cha pili. Ikaja na mistari yote, mizuri, iliyonyooka, na tarakimu zake.

"Hiki umekichapa vibaya," akasema.

"Nimevichapa pamoja. Nusa hiyo selotepu."

Akanitazama. Akaisogeza puani. Akainusa tena. Mzee Athumani aliangalia barabara kama anayesubiri mgeni.

"Waniambia ubani wangu ni uchafu?"

"Ubani ni ubani. Kwenye nguo ni manukato. Kwenye plastiki iliyotoka kwenye moto baridi ni masizi, hata ungekuwa umeletwa kutoka Maka. Plastiki ile inavuta. Inavuta nywele, inavuta vumbi, inavuta moshi. Haina adabu, haichagui."

"Na mimi jana nikazidisha."

"Umezidisha."

"Athumani, wewe ulijua?"

"Nimejua leo," akasema Athumani. "Na ningejua jana nisingesema. Huyu ana moyo."

"Ubani siachi," akasema Bi Zuhura.

"Sijakuambia uache. Nasema vikombe vikae ndooni vimefunikwa ukipita, moshi utoke, ndipo nifunue nichape. Na nisiwe na sinia la kusubiri. Kinachotoka kwenye moto baridi kiende kwenye wino, siyo kikae kikizubaa."

Bi Zuhura aliinuka kitini. Alirudisha vikombe vyote viwili mkononi mwangu, selotepu akaikunja akabaki nayo.

Tulikuwa na siku mbili. Tulifuta mistari ya maboksi yote ya mwezi kwa spiriti, tukaviosha vikombe, tukavikausha, tukaanza upya. Jumapili sikuenda kanisani, na mchungaji nilimwambia sababu, akasema Mungu anajua vipimo. Mzee Athumani alipitisha moto baridi, mimi nikachapa, kikombe kwa kikombe, hakuna kilichopata nafasi ya kupoa mkononi.

Jumatatu Mumbua akaja kama alivyoahidi, na kipande cha sabuni na waya wa kusugulia sufuria. Akapita maboksi ya vitone yote, akafungua la mwezi. Akachukua kikombe cha katikati, wala si cha juu. Akapandisha mikono ya sare yake, akaweka beseni chini, akachuchumaa, akasugua. Nawaambia yule mwanamke anajua kusugua. Povu likawa la kijivu. Plastiki yenyewe ikapata mikwaruzo. Bi Zuhura alikuwa ameshika tasbihi lakini haizunguki.

Mumbua akasuuza, akainua kikombe kwenye mwanga. Mistari ilikuwepo, yote, na mikwaruzo juu yake. Akatoa bomba la sindano mkobani, akavuta maji mpaka tano, akayamimina kikombeni. Yakasimama kwenye mstari wa tano. Akachukua kikombe kingine. Akasugua. Akachukua cha tatu.

"Mwanangu," akasema Bi Zuhura, "utavimaliza kwa kuvisugua."

"Nasugua ya mwisho, mama. Hii ni ya yule mama alikisia."

Alipomaliza hakutusifu. Alikausha mikono, akainua boksi la mwezi yeye mwenyewe, akauliza mengine yatakuwa tayari lini.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nyuma, pazia limefungwa, sinia la kwanza limeshatoka kwenye moto baridi. Nikasikia hodi mlangoni. Si sauti ya Athumani, na mteja haingii huko. Katika miaka yangu yote kwenye duka lile sikuwahi kumsikia mwenye duka akipiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe. Nikatia vikombe ndooni, nikabana mfuniko kwa kiganja mpaka ukalia, nikamwambia, "Karibu, Bi Zuhura. Fukiza."